Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2021

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawapa hongera. Timu yetu ya besiboli, Atlanta Braves, imetwaa ubingwa mwaka huu. Ilikuwa haijautwaa tangu 1995, na wengi wetu tumehamia Georgia baada ya hapo. Hesabu za mweka hazina zimeambatanishwa, na ada inabaki ileile. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo lililotugawa Julai: je, timu inayowania ubingwa ilete mchezaji wa uwanja wa nje, yaani mlinzi wa nyasi za mbali, katikati ya msimu?

Hali mnaikumbuka. Julai 10 Ronald Acuña Jr. aliumia goti kule Miami, msimu wake ukaishia hapo. Marcell Ozuna naye alikuwa hachezi tangu mwishoni mwa Mei. Nyasi za mbali zilibaki bila wenyewe, na tangu msimu uanze hadi wakati huo ushindi wetu ulikuwa haujawahi kuzidi vipigo.

Wenzetu waliosema tutulie, tuwatunze vijana, walikuwa na hoja nzito. Mwaka 2015 New York Mets walimchukua Yoenis Céspedes kutoka Detroit, wakamtoa kijana Michael Fulmer. Céspedes aliwafikisha World Series, fainali ya ubingwa, Kansas City wakawashinda. Mwaka uliofuata Fulmer akatangazwa chipukizi bora wa American League, moja ya ligi mbili ambazo mabingwa wake hukutana World Series.

Ila meneja mkuu wetu, Alex Anthopoulos, hakukubali kulipa bei ya namna hiyo. Alianza na Joc Pederson wa Chicago Cubs, akamtoa Bryce Ball aliyekuwa bado ligi ndogo, wanakokuzwa vijana. Siku ya kufunga dirisha, Julai 30, akawaleta Adam Duvall, Eddie Rosario na Jorge Soler. Kwa Rosario tulimtoa Pablo Sandoval, mkongwe ambaye Cleveland walimwacha papo hapo. Hakuna hata kijana mmoja tuliyemjengea matumaini makubwa aliyeondoka.

Rosario akawa mchezaji bora wa fainali ya National League, ligi yetu, dhidi ya Los Angeles Dodgers. Soler akawa mchezaji bora wa World Series. Ule mpira alioupiga Novemba 2, ukatoka nje kabisa ya uwanja wa wapinzani wetu Houston, sidhani kama kuna mwanachama atakayeusahau. Tulishinda 7-0 usiku ule. Na hii ni timu iliyoingia mtoano kwa ushindi wa mechi 88, chache kuliko timu nyingine yoyote iliyofuzu.

Kwa hiyo naamini kwa dhati kwamba pengo likitokea timu iingie sokoni, hata kama msimamo wa ligi unakatisha tamaa, mradi itafute wachezaji ambao klabu zao ziko tayari kuwaachia kwa bei ndogo. Nyota mmoja wa kugharimu vijana watatu nitampinga hata mwakani.

Mikataba ya Soler, Rosario na Pederson imekwisha, na Desemba 2, 2021 wamiliki wa klabu walisimamisha usajili wa wachezaji wa ligi kuu. Kamati inapendekeza tuiandikie klabu barua, tuiombe imbakize Rosario. Rasimu itasomwa na kupigiwa kura katika mkutano mkuu, mara baada ya taarifa ya fedha.

Mwenyekiti