Ngozi za pomboo jangwani

Mpendwa Rehema,

Bwana asifiwe. Umeniuliza Waisraeli walipata wapi ngozi za pomboo jangwani, kama tusomavyo katika Kutoka 26:14. Swali hilo limenipa raha ya pekee, maana ni fumbo la karne nyingi.

Kiebrania kinasema tahashi. Ngozi ya jina hilo imo kwenye habari za hema ya ibada na vyombo vyake, kisha mara moja tu katika Ezekieli 16:10, Mungu anapoivika Yerusalemu viatu vya ngozi hiyo. Hakuna aya inayomwonyesha mnyama mwenyewe akila, akikimbia wala akizaa. Tunachopewa ni ngozi tu. Ndiyo maana hata wa kale walikwama. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki hawakutaja mnyama, waliandika rangi, ya samawati. Katika Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, Rabi Meir anasema alikuwa na pembe moja, akamtokea Musa kwa wakati ule tu, kisha akafichwa.

Mimi naegemea nguva, mnyama mkubwa wa baharini, huyuhuyu wa Lamu na Mafia. Bahari ya Shamu nguva wamo mpaka leo, na Mabedui wa Sinai walishona makubadhi kwa ngozi yake, kwa kuwa ni nene na haichakai upesi. Sasa rudi kwa Ezekieli: viatu! Soma na Hesabu 4. Wakihama, meza, kinara na madhabahu hufunikwa kwanza kwa nguo nzuri, halafu ngozi ya tahashi inakaa juu, upande wa jua na vumbi. Hiyo ni kazi ya ngozi ngumu.

Wapo wanaosema tahashi si mnyama kabisa, ni aina ya ngozi iliyotiwa rangi, na wanaonyesha neno la Kiakadi, lugha ya kale ya Babeli, linalofanana nalo. Hoja yao ina uzito, hasa ukikumbuka ile samawati ya tafsiri ya Kigiriki. Tena nguva hana magamba, na Walawi 11 inamhesabu chukizo kwa chakula. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi: ngozi ya mnyama kama huyo ingefunikaje vitu vitakatifu?

Kuhusu wibari wa Mithali 30:26, mnyama mwingine wa Biblia mwenye jina gumu, usihangaike. Ni pimbi, mnyama mdogo wa majabalini kama hawa wa Mlima Kenya, na En-gedi kule Israeli wamejaa. Luther, aliyetafsiri Biblia kwa Kijerumani na ambaye kwao hakuna pimbi, aliandika sungura.

Nisalimie shemeji na watoto. Wenzako wakiwa na hoja nyingine Jumapili, niandikie upesi.

Dada yako,
Eliana