Kaka, ile CD ya Sholay bado unayo?

Kaka,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa. Najua wanao watakuonyesha.

Juzi nimeitazama Sholay, ile picha yako ya Kihindi. Peke yangu, usiku, zaidi ya saa tatu, na sikuruka hata wimbo mmoja. Mimi! Niliyekuwa nikitoka kibandani kila Wahindi wanapoanza kuimba, naenda kununua mihogo, narudi nauliza, "Wameshaanza kupigana?" Ngamiani nzima ilijua mimi ni mtu wa makomandoo. Steringi hafi, basi. Wewe ukaniambia yupo anayekufa, nikakubishia mpaka nyumbani.

Steringi Jai akafa. Nililia, kaka, hadi mke wangu akatoka chumbani akidhani nimepigiwa simu ya msiba.

Ile Idi unaikumbuka. Nilikuja na mashemeji, wewe umenunua deki mpya, umetandika mkeka, umeweka CD yenyewe. Nami nikasema, "Zima bwana, tuweke kitu cha maana. Kaka aliishia la saba, na picha zake zimeishia hukohuko." Wakacheka. Uliitoa CD, ukaifuta kwa pindo la kanzu, taratibu, kama vile ina vumbi, ukaenda kutuletea chai.

Lakini mtu hashikwi kwa maneno ya miaka 24. Ladha hubadilika. Chuoni walinifundisha kwamba filamu nzuri haina nyimbo na inakwisha bila kueleweka, nikaamini. Ningefanyaje, mgeni wa mambo? Na wewe una makosa yako. Ungenitukana palepale tungeyamaliza. Badala yake chai! Tena yangu umetia sukari vijiko vitatu, kama ninavyopenda.

(Yule shemeji aliyecheka kuliko wote siku hizi anakesha na tamthilia za Kituruki. Usimwambie nimesema.)

Kilichonikaa rohoni ni ile sarafu. Kila penye uamuzi mgumu Jai anairusha, na Veeru haichunguzi mpaka mwenzake amekufa, ndipo anaigeuza: pande zote mbili ni sawa. Nilisimamisha picha hapo.

Baba alipofariki, ada ikawa ya mmoja tu, ulisema wewe shule huipendi. Sasa niambie, mbona vitabu vyangu vya kidato cha kwanza ulikuwa ukivisoma usiku kwa kibatari?