Vito vya mkimbizi: barua kwa Mbwana

Tanga, Jumapili

Sahibu yangu Mbwana,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila joto. Mswada wako umefika na nimeusoma wote. Mwendo wa vile vipindi vya televisheni vya Uingereza vya miaka ya 1960 umeushika barabara: shujaa mmoja nadhifu, mji wa kigeni, binti wa mfalme aliyepinduliwa, na kasha la vito linalomezewa mate na kila anayepita. Usihofu kwamba hatuna fedha za kwenda Ulaya kupiga picha. The Saint ilitoa vipindi 118 kati ya 1962 na 1969, na sehemu kubwa ilipigwa palepale Elstree, nje kidogo ya London. Paris yao ilikuwa ukuta wa mbao na vipande vya picha za maktaba.

Ninachogombana nacho ni vito. Hadithi yako nzima imesimama juu ya wizi: nani atalitia mkononi kasha. Kwa mtu aliyekimbia nchi, kuyatoa mawe nje ni sehemu nyepesi. Kazi ni kuyauza. Fundo la hadithi lihamishie huko.

Piga hesabu. Karati 5 ni gramu 1. Almasi za karati 100 ni gramu 20 tu, na zikishang'olewa kwenye madini yanayozishika hazijazi kijiko cha mezani. Ndiyo sababu mabinti wa Tsar Nicholas, mfalme wa mwisho wa Urusi, waliweza kuzishona ndani ya nguo za ndani, na katika barua zao wakaziita "dawa". Usiku wa kuamkia 17 Julai 1918, mjini Yekaterinburg, mawe yale yalirudisha risasi, na kifo chao kikawa kirefu zaidi. Yurovsky, aliyesimamia mauaji, aliandika kwamba vito vilivyokutwa vilifika nusu pudi, yaani kilo 8 hivi. Ile ahadi yako ya ukurasa wa 9, kwamba "vito vitatuokoa", mweke mzee mmoja anayeijua habari hii, aisikie na anyamaze.

Kisa cha kuigia ni cha Maria Pavlovna, mjane wa Vladimir, mdogo wake Tsar Alexander III. Mapinduzi ya 1917 yalimkuta kusini, na vito vyake vimo ndani ya sefu ya jumba lake Petrograd (ndiyo St. Petersburg). Rafiki yake Mwingereza, Albert Stopford, akishirikiana na Boris, mwana wa Maria, aliingia jumbani, akavikusanya na kuvitia katika mikoba miwili ya ngozi. Septemba mwaka huohuo akaviondoa Petrograd na kuvipeleka London. Hapo ndipo wewe ungemaliza kipindi, muziki ukapigwa. Kumbe utamu haujaanza. Mwenye mali alitoka Urusi mwanzoni mwa 1920 na kufariki Septemba ya mwaka huo huko Ufaransa. Watoto wanne wakagawana kwa rangi: zumaridi kwa Boris, lulu kwa Kirill, yakuti nyekundu kwa Andrei, almasi kwa Elena. Taji la duara 15 za almasi, lenye lulu zinazoning'inia ndani yake, lilimwangukia Elena, na mwaka 1921 akamwuzia Malkia Mary wa Uingereza kwa pauni 28,000. Lilifika limepinda, na baadhi ya mawe yamepotea, ikabidi mafundi walitengeneze. Baadaye Malkia akaongeza zumaridi 15 zinazoweza kupachikwa mahali pa zile lulu.

Mgao ule wa rangi unakupa wahusika wanne bila jasho, na bahati zao hazikuwa sawa. Mwenye lulu ndiye wa kumhurumia. Mwaka 1917 masonara Cartier walipata jengo lao la Fifth Avenue, New York, kwa kutoa dola 100 na kidani cha lulu cha nyuzi mbili kilichothaminiwa dola milioni moja. Kidani hichohicho kiliuzwa 1957 kwa dola 151,000 tu. Kilichotokea katikati ni lulu za kufugwa za Kijapani, ambazo miaka ya 1920 zilianza kumwagika Ulaya, kisha ukafuata mdororo wa uchumi. Mwenye lulu akisema "nitangoja bei ipande", mtazamaji anayejua atauma kidole.

Sasa lile tukio la duka la sonara, ambalo umelipa mistari sita. Lipe kurasa nne. Bibi anaweka taji mezani. Sonara analipangusa kwa kitambaa, anaweka jichoni lenzi ya kukuza mara 10, haulizi limetoka wapi. Jiwe likiwa bado kwenye makucha ya madini yanayolishika halipimiki kwenye mizani, kwa hiyo anapima upana na kukadiria: almasi ya duara ya milimita 6.5, ikiwa imechongwa sawasawa, ni karati moja hivi. Zile za zamani huchongwa kwa kina, hivyo makadirio huyumba, na yeye atayayumbisha kwa faida yake. Halafu anasema kwa upole, "Bibi, niruhusu niyatoe, nikupe bei ya haki." Hapo mtego umefyatuka. Mawe yakishatolewa, taji si taji tena. Ni bakuli la mawe na fremu iliyopinda, na Bibi hana kitu cha kupeleka duka la pili. Asipokubali, anapewa bei ya makisio. Naye sonara anajua ya kwamba hoteli inadai, na kwamba wiki ileile wametangulia wakimbizi wenzake Bibi kadhaa na mataji yao. Hakuna bastola hata moja katika tukio hilo, lakini ni gumu kulitazama.

Mwovu wako pia mbadilishe. Badala ya mwizi mwenye kovu, weka mfanyabiashara mwenye risiti. Kisa kipo: Olga Paley, mjane wa mwana wa mfalme Pavel, alimkuta mfanyabiashara Weisz jijini London na vitu vilivyotoka katika jumba lake la Tsarskoe Selo. Serikali ya Kisovyeti ilivitaifisha na kumwuzia. Olga akashtaki, akashindwa, na mwaka 1929 akashindwa tena kwenye rufaa. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba Uingereza imeshaitambua serikali ile, kwa hiyo jaji wa London hawezi kuhukumu ilichofanya ndani ya mipaka yake. Utambuzi kamili ulitolewa Februari 1924. Kwa hiyo hadithi itoe Paris, ipeleke London, baada ya tarehe hiyo. Shujaa atakuwa anapambana na mtu ambaye sheria iko upande wake, na kurudisha mali kwa mwenyewe kutamfanya yeye ndiye mwizi. Mtazamaji mwachie aamue.

Na hati za kusafiria? Bibi wako anapita mipakani kama abiria wa daladala. Desemba 1921 Moscow iliwavua uraia wengi wa waliokimbia, na tangu 1922 walitembea na cheti cha Nansen, kilichoanzishwa kupitia Shirikisho la Mataifa. Cheti hicho peke yake hakikulazimisha nchi yoyote kukupokea. Mweke afisa akigeuzageuza karatasi ile chini ya taa.

Mengine ni madogo, lakini ndiyo yanayochekesha wenye fani:

Ukurasa wa 14, almasi imefichwa ndani ya glasi ya maji "isionekane". Itaonekana. Almasi hupinda mwanga kuliko maji kwa mbali sana, itang'aa pale chini kama jicho la paka. Kipande cha kioo cha kawaida ndicho kingefifia kidogo.

Ukurasa wa 17, zumaridi inatupwa kutoka roshani ya ghorofa ya tatu na kudakwa nzima sakafuni. Hapana. Zumaridi ina nyufa za asili ndani, inaweza kupasuka hata mikononi mwa fundi anayeipachika. Ukitaka jiwe la kutupwa, tupa yakuti nyekundu, ingawa na yenyewe nisingeitupa.

Ukurasa wa 22, shujaa anakwaruza dirisha kuthibitisha almasi. Hata jiwe la kawaida la kwatzi (quartz) hukwaruza dirisha. Afadhali alipulizie pumzi: ukungu juu ya almasi huondoka papo hapo, juu ya kioo hukawia. Kitendo hicho kinapigika vizuri kwenye kamera, tena karibu kabisa.

Ukurasa wa 25, mwovu anachonga upya jiwe kubwa "lisitambulike", na siku ya pili lina karati zilezile. Kuchonga hula jiwe. Ile almasi ya waridi ya Mwadui, aliyopewa Princess Elizabeth mwaka 1947, ilitoka ardhini na karati 54.5, ikaishia 23.6. Hiyo ilikuwa ghafi, na jiwe lililokwisha kuchongwa hupoteza kidogo kuliko hapo, lakini lazima lipungue. Mwovu wako achague kati ya kujificha na kupata bei kamili.

Kwa upande wa picha: umesema utaitoa kwa rangi nyeusi na nyeupe ili ifanane na za zamani. Vizuri, ila zumaridi na yakuti zitakuwa kijivu kilekile, hivyo rangi lazima itajwe kinywani, mapema, na mtu mwenye sababu ya kuitaja. Mawe ya bandia ya kioo yamulike kwa taa ndogo kali mbili tatu kutoka pembeni, usitumie taa pana yenye kitambaa, maana itayafanya yafe kama peremende. Na mshika taji alitikise kidogo. Mmeto hutoka pale jiwe linapocheza.

Tukio la treni usiliguse. Ni zuri.

Ukitaka kipindi cha pili, anza na foronya mbili. Ziliachwa kwenye ubalozi wa Uswidi Petrograd mwaka 1918, zimejaa visanduku vya sigara na vifungo vya mikono vya ukoo wa Maria Pavlovna, na zikalala kwenye nyaraka za serikali mjini Stockholm hadi 2009. Nani aliyejua zipo, na kwa nini asizifuate? Hapo pa kuandika pako.

Nirudishie kurasa za duka kwanza, nyingine zitangoja.

Wasalaam,
Salim