Barua kwa mwanangu: nenda Japan, usione haya

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, salamu zako mama kanifikishia. Kaniambia pia hulali vizuri tangu timu ikuache, na ile ofa ya Japan unaiona kama vile unafukuzwa kistaarabu. Kwenye simu hunipi nafasi ya kuongea ndo maana nakuandikia, soma taratibu ukimaliza ndo unijibu.

Siku hizi nasoma sana habari za Randy Bass, yule mchezaji wa besiboli, wewe unamjua jina tu. Kijana wa Lawton, Oklahoma. Ligi kubwa ya hapa Marekani alicheza misimu 6 kwenye timu 5, na humo mote kapata mechi 130 tu, mipira aliyovusha uzio 9, wastani wa kupiga .212, yaani kama mara 212 katika kila 1000. Ukiishia hapo utasema hana kitu. Lakini 1980 kule Denver, ligi ya chini, alivusha 37 na kuingiza pointi 143! Mtu wa namba hizo hajakosa kipaji baba, kakosa kupangwa, leo anaingizwa apige mara moja, kesho benchi kutwa nzima, sasa warushaji wa juu utawazoea saa ngapi? Na ndo kilichokukuta wewe, mimi nilikuwa jukwaani nikaona kwa macho yangu.

1983 akaenda Japan, timu ya Hanshin Tigers. Wanaosema aling'ara kwa sababu Japan ni rahisi mimi nawakatalia kabisa. Uwanja wao wa Koshien uko karibu na bahari, kuna upepo unavuma kutoka kulia kwenda kushoto, na yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, yaani ule mpira wake mzuri wa kuvutia kulia upepo unaurudisha mikononi mwa watu. Akajifunza upya kuupeleka kushoto, upepo ukaanza kumbebea. Mtu anakaribia miaka 30, ana mazoea yake, anakubali kubadilisha upigaji, hapo nataka usome mara mbili.

1985 wastani .350, mipira 54 nje, pointi 134, akaongoza ligi yake kwa yote matatu. Siku walipotwaa ligi mashabiki Osaka wakabeba sanamu ya yule mzee wa KFC, mgahawa wa kuku, eti anafanana na Bass, wakaitupa mtoni, ikaja kuopolewa 2009! Kisha wakachukua ubingwa wa Japan nzima, mara yao ya kwanza. 1986 akaongoza tena yote matatu, wastani .389, na mpaka leo hakuna aliyeufikia kule.

Ila sikufichi, kuna siku utaonewa. Rekodi ya Japan ya kuvusha mipira msimu mmoja ilikuwa 55, ya Sadaharu Oh, na mechi ya mwisho ya 1985 ilikuwa na timu ya Giants ambao kocha wao alikuwa Oh huyohuyo. Warushaji wakamrushia nje nje tu asiweze kupiga, mara nne akapewa besi ya bure, yaani akatembea tu mpaka besi ya kwanza bila kupiga. Mara moja alinyoosha gongo mpaka ng'ambo ya pleti, kile kibao cha chini mbele ya mpigaji, akaudonoa ule mpira wa mbali, akafika besi ya kwanza. Rekodi hakuipata, lakini hakususa, mwaka uliofuata akaja mkali zaidi.

Mimi nilitoka Tanga nikaja huku kutafuta, na hakuna mtu nyumbani aliyesema nimeshindwa Tanga. Kwa nini wewe ujiseme?

Sasa jambo la mwisho na ndo kubwa. 1988 mtoto wake wa miaka 8 alikutwa na uvimbe kwenye ubongo, akamleta Marekani kutibiwa, akakaa naye, timu ikamwacha, na ukazuka mvutano nani alipe matibabu wakati yalikuwemo kwenye mkataba. Hakucheza tena. Mimi kama mzazi hapo ndo nilipompenda kabisa, na Wajapani nao hawakumsahau, 2023 wamemwingiza kwenye jumba lao la magwiji wa besiboli.

Kwa hiyo usisaini chochote kabla hatujausoma mkataba pamoja. Matibabu yako, ya mkeo na ya mjukuu wangu yaandikwe waziwazi, na ruhusa ya kurudi mtu akiugua iwe na idadi ya siku, na nani ataamua kuongeza. Nitumie leo usiku nimpe wakili aupitie. Na mama anauliza viza ya mkeo inatoka pamoja na yako au anabaki na mtoto kwetu kwanza, chumba kipo.

Baba yako