Mafunjo hayahami kama gugumaji

Mhariri,

Makala yenu kuhusu brashi za polima (molekuli ndefu kama minyororo, zilizopandwa kwa wingi juu ya kioo) ilisomwa kwa sauti darasani kwangu hapa Kisumu na msichana wa Kidato cha Tatu. Alipofika pale mlipoandika kwamba polima za aina mbili zikiwekwa juu ya kioo hujitenga kama mafuta na maji, alinigeukia: "Mwalimu, zitajitengaje na zimeshikwa miguu?" Nilikosa la kuwatetea.

Sisi wa ziwani tungewasaidia. Gugumaji halina mizizi ardhini. Upepo ukivuma, hurundikana upande mmoja wa Ghuba ya Winam, kwingine kukabaki maji matupu. Polima zilizo huru huachana hivyo. Mafunjo ya kinamasi cha Dunga je? Yako palepale (vile vipande vinavyomeguka na kuelea tuviache). Brashi ni mafunjo. Kila mnyororo umeshikwa ncha moja, na kwa msongamano hurefuka kwenda juu kutafuta nafasi. Minyororo ya aina mbili zisizopatana haiwezi kuhamana. Huinamisha tu vichwa kwa wenzao wa karibu. Hapo hutokea matuta, aina hii kisha aina ile, na upana wa tuta hauwezi kupita sana urefu wa mnyororo: makumi ya nanometa (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya meta), ilhali unene wa unywele ni takriban nanometa 80,000. Wanafizikia John Marko na Thomas Witten walilitabiri hili kwa hesabu mwaka 1991. Maabarani matuta hayo hutoka yamepindapinda, kwa kuwa minyororo haikupandwa kwa vipimo sawa. Shamba langu la viazi vitamu kule Nyakach lina aibu hiyohiyo.

Na mliloliacha ndilo tamu zaidi. Changanya katika brashi moja polistirini, ile ya visanduku vyeupe vya kubebea chakula, na polima nyingine, polivinilipiridini. Osha kwa toluini, kiyeyusho kinachopatana na polistirini: polistirini huinuka, mwenzake hujikunyata chini, na tone la maji juu yake hujikusanya, halitandai. Osha kwa maji yenye asidi: waliolala huamka, waliosimama hulala, na tone linatandaa. Rudia toluini, mambo hurudi yalivyokuwa. Kioo ni kilekile.

Darasa langu linasubiri masahihisho, nimeahidi kuyabandika ukutani. Ila ile picha ya brashi ya kupakia rangi mliyoiweka juu ya makala, tafadhali msiirudie.

Mwalimu wa kemia,
Kisumu