Kaka, ile siku ya darajani

Kaka,

Nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na zako mimi sipokei.

Miaka sita sasa, bado nakuona umesimama kando ya ile glaida, ndege ya kuvutwa kwa kamba, kule Normandy, Ufaransa, simu mkononi. Mimi naizunguka tu. Dude zima la plaiwudi, mabawa karibu mita 27, halina injini! Nikakuita, ukaja, ukanipiga picha.

Ukanisimulia na habari zake, maana wewe Vita vya Pili vya Dunia unavijua. Usiku wa 6 Juni 1944 rubani Mwingereza Jim Wallwork aliachia kamba ya ndege iliyomvuta, akiwa mita 1,800 hivi angani, akashuka gizani bila mngurumo, mwenzake John Ainsworth anamhesabia sekunde: geuza sasa, geuza tena. Kosa moja, hakuna injini ya kukupandisha tena. Saa 6 na dakika 16 wakajibwaga shambani, hata mita 50 hazifiki kutoka daraja walilotumwa kuliteka. Marubani wote wawili walirushwa nje kupitia kioo cha mbele. Askari waliokuwa ndani wakatoka mbio, na baada ya dakika kama 10 daraja likawa lao.

Sauti yako haikutikisika. Kumbe Mama alifariki alfajiri, na ulijua.

Uliniambia usiku, gari limeshaegeshwa hotelini. Ameshazikwa. Ile picha ina saa yake, Kaka: saa tisa na robo. Tanga ilikuwa saa kumi na robo, jeneza liko njiani, na mimi nimeshika bawa la ndege nacheka.

Ulisema tusingewahi. Kweli, tusingewahi. Lakini ningempigia Dada asogeze simu niisikie Yasin. Ningekaa chini kwenye nyasi zile nikamlilia Mama kwa wakati wake.

Wewe ndiye uliyenisimulia Sicily, kisiwa cha Italia, Julai 1943: glaida zaidi ya 60 ziliangukia baharini, nyingi ziliachiwa mapema mno, nchi kavu bado mbali, upepo unawapinga, watu zaidi ya 200 wakafa maji. Ulihuzunika kweli. Ukasema anayevuta ana dhamana ya anayevutwa. Basi ungenivuta hadi kwa Mama.

Usimfanyie hivyo mwanao. Habari ya mtu mpe mwenyewe, hata kama itamvunja. Mimi sikuja kwenye harusi yake, najua mnanisema. Nauli nilikuwa nayo. Nguo nilishashona. Nilishindwa kusimama kwenye picha nyingine unayoipiga wewe, basi, na sidhani kama hilo ni roho mbaya.

Uliuza baiskeli yako nilipe ada ya kidato cha kwanza. Sijasahau.

Hitma ya Mama ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, nyumbani. Njoo. Usinieleze kwa nini. Niambie tu nani alikupigia, na alikwambia nini kwanza.