Salamu za Noeli: Sauti Iliayo Nyikani

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki,

Tumsifu Yesu Kristo. Majilio yanaelekea ukingoni, na katika majuma haya tumesikia tena kanisani maneno ya nabii Isaya juu ya sauti ya mtu aliaye nyikani. Pamoja na salamu zangu za Noeli, naomba niwasimulie habari za askari mmoja wa Kifaransa ambaye maneno hayo yalimgusa kiasi cha kuyafanya jina la kitabu chake cha kumbukumbu za jangwani. Jina lake ni Ernest Psichari.

Alizaliwa Paris mwaka 1883, mjukuu wa Ernest Renan, yule mwanazuoni aliyeiacha seminari na ambaye mwaka 1863 alitoa kitabu juu ya maisha ya Yesu kilichoukana Umungu wake na kuwaumiza Wakristo wengi wa Ulaya. Mtoto alibatizwa kwa desturi ya Kanisa la Kigiriki, kwa kuwa baba yake alikuwa Mgiriki, lakini malezi yake hayakuwa na sala. Alikua katika nyumba ya wasomi waliosifika. Hata hivyo ujana wake ulivurugika, akafikia hatua ya kujaribu kujiua. Baadaye aliingia jeshini akitafuta amri ya kumsimamisha wima, akahudumu katika Kongo ya Wafaransa, na kuanzia mwaka 1909 hadi 1912 akawa ofisa wa mizinga ya jeshi la makoloni katika jangwa la Mauritania.

Sitaipamba kazi iliyompeleka huko. Mwaka ule ule wa 1909 Ufaransa iliiteka Adrar, eneo la Mauritania, kwa nguvu ya silaha, na Psichari aliamini kwa moyo wote kwamba nchi yake ilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Sisi ambao babu zetu walitawaliwa na Wazungu hatuwezi kuzisoma kurasa zake bila kuona uchungu, na sidhani tunapaswa kujilazimisha tusiuone. Ila kuna jambo moja katika maisha yake ambalo kila Majilio hunirudia moyoni: mtu huyu aliamshwa na imani ya watu aliotumwa kuwatawala.

Wamauri, wenyeji wa jangwa hilo aliosafiri nao, walikuwa Waislamu. Wakati wa sala ulipofika, safari ilisimama, ngamia wakapigishwa magoti, na palipokosekana maji watu walitayamamu kwa mchanga, wakaelekea kibla na kusujudu, paji la uso likigusa ardhi. Ofisa wao, mwenye cheo, bunduki na elimu ya Paris, alibaki kando akiwatazama bila kuwa na neno hata moja la kumwambia Mungu. Aliandika kwamba Mmauri mmoja alimwambia kuwa Wafaransa wanao ufalme wa dunia, bali wao Wamauri wanao ufalme wa mbinguni. Nadhani hakuna mahubiri ambayo yangeweza kumchoma zaidi ya hayo. Alijiona mwakilishi wa nchi ya Kikristo, na mbele ya watu wale wanyenyekevu akatambua kwamba Ukristo anaouwakilisha yeye mwenyewe hanao. Kimya cha usiku wa jangwani, ambako hapakuwa na wa kumshangilia wala wa kubishana naye, kilimpa nafasi ya kulikabili swali hilo miezi kwa miezi, hadi naye akaanza kusali.

Riwaya yake iliyotoka baada ya kifo chake ilimfananisha mtu wa namna hiyo na akida wa Kapernaumu. Ulinganisho huo una uzito, kwa sababu akida naye alikuwa askari wa dola iliyoitawala nchi ya wengine, aliyezoea kumwambia huyu nenda naye akaenda, na bado alikwenda kwa Myahudi mmoja wa Galilaya kumwomba. Maneno yake ndiyo tunayoyatamka katika kila Misa kabla ya Komunyo: Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona. Noeli hii tutakapoyasema mbele ya pango la Mtoto Yesu, tukumbuke kwamba yalitoka katika kinywa cha mtawala.

Psichari alirudi Ufaransa mwishoni mwa mwaka 1912, na mwezi Februari 1913 alipokelewa katika Kanisa Katoliki, rafiki yake Jacques Maritain, mwanafalsafa Mkatoliki, akiwa karibu naye. Katika Kipaimara alichukua jina la Paulo, mtume ambaye babu yake Renan aliandika kitabu kizima juu yake. Alitamani kuwa padre wa Kidominiko. Hakuwahi. Tarehe 22 Agosti 1914 aliuawa vitani huko Rossignol, Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 30.

Nawatakia basi Noeli yenye amani, ninyi nyote mtakaokuwa kwenye Misa ya usiku, na ninyi wauguzi, walinzi na madereva mtakaokuwa kazini saa hiyo. Kwa majirani zetu Waislamu, ambao sauti ya adhana yao hutuamsha alfajiri na ambao kila mwaka hukaribia mezani petu bila kualikwa mara mbili, natoa shukrani na salamu za upendo. Na kwa namna ya pekee nawakumbuka askari wetu wa Tanzania waliopelekwa kulinda amani mbali na nyumbani, wakiwemo waliohudumu Berbérati katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, upande ule ule wa mto Sangha ambako Psichari alipita kabla ya kwenda Mauritania. Mungu awalinde, awarejeshe salama kwa wake, waume na watoto wao.

Heri ya Noeli na Mwaka Mpya.